Habari Hupita kwa Mwenye Waya

Tarehe 22 Januari 1879, mashujaa wa Kizulu walilisambaratisha jeshi la Uingereza chini ya mlima wa Isandlwana. Zaidi ya watu elfu moja wa upande wa Waingereza walikufa siku ile. Dola kubwa kuliko zote duniani ilikuwa imepigwa na watu wa mikuki na ngao, na mji mkuu wa dola hiyo ukaendelea na shughuli zake kwa siku 20 bila kujua lolote. Waya wa telegrafu kutoka Ulaya ulikuwa bado haujafika kusini mwa Afrika. Habari ilibidi ipande meli Cape Town, isafiri hadi kwenye visiwa vya Atlantiki vyenye waya, ndipo itumwe Ulaya. Ilipoingia London tarehe 11 Februari, serikali ilitahayari kwa kushindwa, kisha ikaogopa zaidi ilipohesabu siku ilizokaa gizani.

Mwaka ule haujaisha, waya ulikuwa tayari chini ya bahari. John Pender, mfanyabiashara wa Kiskoti aliyemiliki nyaya za baharini kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake, alipata ruzuku ya serikali, na meli zikatandaza waya kutoka Aden hadi Unguja, kisha Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Katikati yake mlikuwa na nyuzi za shaba zilizovikwa gutapercha, utomvu wa miti ya Malaya usiopitisha maji, na juu yake deraya ya chuma. Unguja ikawa kituo njiani. Sultani Barghash bin Said alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya, lakini waya ule haukuwa wake na wala haukuletwa kwa ajili ya watu wake. Bei ya karafuu na pembe za ndovu, ambayo zamani ilisafiri kwa majuma, sasa ilifika London kwa muda wa saa chache, na wa kwanza kuijua walikuwa wale walioweza kulipia kila neno.

Nguvu ya waya huo ilionekana Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla tarehe 25, na Khalid bin Barghash akaingia kasrini bila idhini ya Waingereza. Basil Cave, aliyekuwa akikaimu ubalozi, alikuwa na manowari bandarini lakini hakuwa na ruhusa ya kupiga. Alituma telegramu London. Jibu lilirudi kwa njia ileile, likimruhusu achukue hatua yoyote atakayoona inafaa. Tarehe 27, saa tatu asubuhi, mizinga ikaanza kulia, na kabla ya saa nne kasri lilikuwa limebomoka na kushika moto. Karibu watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Hadi leo, ukimuuliza msomaji wa Ulaya au Marekani anachokijua kuhusu siku ile, atataja dakika: 38, au 40, au 45. Vita vifupi kuliko vyote katika historia! Hivyo ndivyo vilivyoandikwa katika vitabu vya maajabu ya dunia, kwa hesabu ya saa iliyokuwa mikononi mwa maofisa wa manowari. Waliokuwa ndani ya kasri, walinzi na watumwa, hawakuwa na mtu wa kuwatumia telegramu. Majina yao hayakuvuka bahari.

Kumiliki waya ni jambo moja. Kuamua kinachopita ndani yake ni jambo jingine, na hapo ndipo yanapoingia mashirika ya habari. Charles-Louis Havas alifungua lake Paris mwaka 1835. Bernhard Wolff alifungua Berlin mwaka 1849. Paul Julius Reuter, Mjerumani aliyewahi kutumia njiwa kupeleka bei za soko la hisa kati ya Aachen na Brussels pale nyaya zilipokuwa hazijaungana, alihamia London mwaka 1851. Watatu hawa walishindana, kisha wakaona ushindani ni hasara. Tarehe 17 Januari 1870 mashirika yao yalitia saini mkataba wa kugawana dunia. Reuters ilichukua dola ya Uingereza na sehemu kubwa ya Mashariki ya Mbali. Havas ilichukua makoloni ya Ufaransa na nchi za Kilatini, na baadaye Amerika Kusini yote ikawa ulingo wake. Wolff ilipewa Ulaya ya kati, Skandinavia na Urusi. Miaka 14 kabla ya mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika, habari zilikuwa zimeshagawanywa.

Maana yake kwa mtu wa kawaida ilikuwa hivi: mhariri wa gazeti la Bombay au Cape Town hakuweza kusoma habari za Paris ila kama Reuters ilivyozipitisha, na mhariri wa Buenos Aires hakuweza kusoma habari za London ila kwa mkono wa Havas. Kila shirika lilikuwa karibu na serikali yake. Na kila taifa lililokuwa nje ya watatu hawa lilisimuliwa na wengine.

Miongoni mwa mataifa hayo ilikuwamo Marekani, na hapa historia ina somo ambalo halikumbukwi vya kutosha. Shirika la Associated Press liliingia katika mkataba kama mshirika mdogo. Lilipewa eneo la nyumbani tu, na halikuruhusiwa kuuza habari nje bila ridhaa ya wakubwa. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, gazeti la La Nación la Buenos Aires lilichoka kupokea kutoka Havas taarifa za upande mmoja wa vita. Likaiomba Associated Press iliuzie pia taarifa rasmi za Wajerumani. Halikujibiwa, kwa sababu mkataba ulikataza. Kijana mmoja wa shirika hilo, Kent Cooper, aliposikia kisa hicho hakukisahau.

Cooper alikuja kuwa meneja mkuu mwaka 1925 na akaipigania hoja hiyo miaka mingi. Mwaka 1942 alichapisha kitabu kizima cha malalamiko yake. Alisema Reuters na Havas waliipaka nchi yake matope mbele ya dunia: habari walizosambaza kuhusu Marekani zilikuwa za Wahindi Wekundu wanaopigana, za watu kunyongwa na makundi ya wahuni katika majimbo ya kusini, na za uhalifu wa ajabu ajabu. Mazuri ya nchi hayakuonekana. Wageni ndio walioamua dunia iione Marekani kwa sura gani, na wageni hao walikuwa na masilahi yao. Mkataba ulivunjika mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu vya Pili mashirika ya Marekani yalikuwa na nguvu za kwenda popote.

Yachukuliwe maneno ya Cooper, yaondolewe jina la Marekani na pawekwe Tanzania, Kenya au Kongo: yatakuwa hotuba ileile ambayo mawaziri wa Afrika na Asia walikuja kuitoa miaka 30 baadaye. Tofauti ni kwamba ilipotolewa na Cooper iliitwa kupigania uhuru wa habari, na ilipotolewa na Afrika iliitwa kuuhujumu.

Makoloni yalipoanza kujikomboa, mawimbi ya redio yalikuwa yameshakuwa uwanja wa mapambano. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili dhidi ya ukoloni, na sauti zake zilisikika kuanzia Unguja hadi bara. BBC ilianzisha idhaa yake ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Moscow, Peking, Sauti ya Amerika na Deutsche Welle zikafuata katika miaka michache ya mwanzo wa uhuru. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, mkulima wa Tabora mwenye redio ya betri aliweza kuchagua miji mikuu kadhaa ya kigeni ya kumweleza, kwa lugha yake mwenyewe, mambo ya dunia na mara nyingi mambo ya nchi yake. Hapakuwa na mji wa Afrika Mashariki uliokuwa ukimweleza mkulima wa Yorkshire au wa Iowa chochote.

Serikali mpya zilijibu kwa kuunda mashirika yao. Ghana iliunda lake mwaka 1957, Kenya mwaka 1963, na Tanzania ikaanzisha Shihata mwaka 1976. Habari za nje, hata hivyo, ziliendelea kununuliwa kwa wakubwa. Mapinduzi yakitokea nchi ya jirani, chumba cha habari Dar es Salaam kilisoma habari yake katika mashine ya teleprinta iliyounganishwa na London au Paris. Mustapha Masmoudi, waziri wa habari wa Tunisia, aliyafanyia mambo haya hesabu: karibu asilimia 80 ya habari za dunia zilitoka katika mashirika makubwa machache, na nchi zinazoendelea, zenye robo tatu ya wanadamu, zilipewa na mashirika hayo asilimia 20 hadi 30 tu ya nafasi.

Oktoba 1976 hoja hiyo ilifika Nairobi. Unesco ilifanya mkutano wake mkuu kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, ndani ya jumba la KICC lililokuwa bado jipya. Mkurugenzi Mkuu alikuwa Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile. Mezani palikuwa na rasimu ya azimio iliyopendekezwa na Urusi ya Kisovieti, na kifungu chake cha 12 kilisema dola ziwajibike kwa shughuli za kimataifa za vyombo vyote vya habari vilivyo chini ya mamlaka yao. Wajumbe wa Magharibi walikisoma wakaona mkono wa serikali ukiingia katika kila chumba cha habari. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu kile kilikuwa kibaya, na ni bahati mbaya kubwa kwamba madai ya haki ya Afrika yalisafiri katika mkoba mmoja nacho.

M'Bow aliwashawishi wajumbe waiahirishe rasimu na badala yake iundwe tume ya kuchunguza mawasiliano ya dunia nzima. Mkutano ulifungwa mwishoni mwa Novemba. Siku tatu baadaye, ng'ambo ya Atlantiki katika mji wa Bogotá, Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi nane za ikweta zilizotangaza kwamba njia ya setilaiti iliyo juu yao, kilomita 36,000 angani, ni sehemu ya mali asili zao. Hakuna dola kubwa iliyolitambua dai hilo. Linaonekana la ajabu leo, lakini waliolitoa walikuwa wamejifunza kutokana na nyaya za baharini: anayefika kwanza huichukua njia, na wa baadaye hulipa nauli.

Tume iliongozwa na Seán MacBride wa Ireland, mtu mwenye maisha yasiyofanana na ya mtu mwingine. Aliwahi kuwa mkuu wa jeshi la chini kwa chini la IRA, kisha waziri wa mambo ya nje, kisha mshindi wa Nobeli ya Amani mwaka 1974. Alikaa na wenzake 15, wakiwamo mwandishi Gabriel García Márquez wa Colombia, Hubert Beuve-Méry aliyeasisi gazeti la Le Monde, na Masmoudi mwenyewe. Walibishana tangu 1977. Ripoti yao ilitoka mwaka 1980 ikiwa na mapendekezo 82, ikajadiliwa katika mkutano mkuu wa Unesco mjini Belgrade.

Anayeisoma leo atashangaa kuona jinsi ilivyosingiziwa. Ilisema wazi kwamba udhibiti wa habari ufutwe. Ilikataa waandishi wapewe leseni na serikali. Ilitaka mwandishi aweze kumfikia mpinzani kama anavyomfikia waziri. Wakati huohuo ilisema kwamba habari zinazotiririka kutoka upande mmoja kwenda upande mwingine bila kurudi si habari huru, na kwamba gharama za simu, bei ya karatasi na umiliki wa mitambo ni mambo ya haki kama yalivyo mambo ya biashara. Magazeti mengi ya Magharibi yalishughulika na kelele za Urusi kuliko na ripoti yenyewe. Wasomaji wao waliujua mjadala kupitia mashirika yaleyale yaliyokuwa yakilalamikiwa, na kwa hiyo hawakupata nafasi ya kusikia mlalamikaji akijieleza.

Desemba 1983 serikali ya Ronald Reagan ilitoa taarifa ya kujitoa Unesco, na mwisho wa mwaka 1984 ikaondoka na robo ya bajeti ya shirika. Uingereza ikafuata mwaka mmoja baadaye. Uingereza ilirudi mwaka 1997 na Marekani mwaka 2003. Kufikia wakati huo karibu hakuna aliyekuwa akiitaja tena ripoti ya MacBride katika kumbi za Unesco.

Lakini lawama zote haziwezi kupelekwa Washington. Pana, shirika la habari la Afrika lililoanzishwa na nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mwaka 1979, lilianza kazi Dakar tarehe 25 Mei 1983. Lilipokea habari kutoka mashirika ya serikali wanachama, na mashirika hayo yalituma alichosema rais, alikozuru rais na nani alimpokea rais. Nchi wanachama hazikulipa ada. Mhariri wa Lagos aliyetaka kujua kilichotokea kweli Addis Ababa au Kampala alirudi kwenye Reuters, kwa sababu Reuters angalau haikumwogopa waziri wa habari wa huko. Viongozi waliosimama Nairobi na Belgrade kudai sauti ya Afrika isikike, wengi wao hawakutaka kusikia sauti za raia wao.

Machungu ya pande zote mbili yalikutana katika kanda moja ya video. Mwaka 1984 kaskazini mwa Ethiopia palikuwa na njaa kubwa. Tume ya misaada ya Ethiopia ilikuwa imetoa tahadhari mwezi Machi, na wafadhili hawakushtuka. Septemba, utawala wa Mengistu Haile Mariam ulisherehekea miaka kumi ya mapinduzi na kuwazuia waandishi wasiende kaskazini. Oktoba, mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam na kufungua huko studio yake ya Camerapix mwaka 1963, alipata kibali na kufika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC. Alfajiri ilikuwa ya baridi kali. Kamera ya Amin ilipita polepole juu ya maelfu ya watu waliokaa chini katika ukungu, na miili iliyofungwa katika magunia ikisubiri kuzikwa.

Amin alifanya kazi na Visnews, shirika la London lililouza picha za habari kwa televisheni za dunia. Kanda ikapelekwa huko, na tarehe 23 Oktoba ikaonyeshwa na BBC. Usiku huohuo ikafika Marekani, na baada ya hapo vituo 425 vikaionyesha. Watu milioni 470 waliiona. Misaada ikamiminika, nyimbo zikatungwa, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid.

Kazi ile iliokoa maisha, na Amin anastahili kila sifa aliyopewa. Ila itazamwe njia iliyopita. Korem iko Afrika. Aliyepiga picha alikuwa Mwafrika. Amin na wenzake wa Nairobi walikuwa na uwezo wote wa kuifanya kazi hiyo. Hata hivyo njaa ile haikuwapo machoni pa dunia, wala machoni pa Waafrika wengine, mpaka ilipoonyeshwa kutoka London kwa sauti ya mtu wa London. Na watu wa Korem waliingia katika kumbukumbu za dunia wakiwa wamekaa kimya, wakizungumziwa. Amin aliendelea na kazi hata baada ya kupoteza mkono mlipuko wa ghala la silaha ulipotokea Addis Ababa mwaka 1991. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Mwaka ule wa 1991 waandishi wa Afrika wenyewe walikutana Windhoek. Tarehe 3 Mei walitoa tamko lililodai magazeti huru, yenye wamiliki mbalimbali, yasiyo chini ya serikali. Hawakuiacha hoja ya Nairobi. Waliitoa mikononi mwa mawaziri. Tarehe hiyo ndiyo iliyokuja kuwa siku ya uhuru wa vyombo vya habari duniani. Mwaka 2000 Tanzania iliifuta Shihata, na wengi hawakuililia.

Kisha ikaja intaneti, na watu wakaambiwa kwamba mipaka imekwisha. Nairobi mwaka 2000, barua pepe iliyotumwa na ofisi moja kwenda ofisi ya mtaa wa pili, kama zilitumia kampuni mbili tofauti, ilipanda setilaiti, ikashuka Ulaya au Marekani, ikarudi kwa setilaiti tena, na kila kipande cha safari hiyo kililipiwa kwa dola. Novemba mwaka huo kampuni za intaneti za Kenya ziliunganisha mitambo yao katika kituo kimoja, KIXP, ili habari za nyumbani zibaki nyumbani. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa, ililalamika, na majuma mawili hayajapita mdhibiti akaagiza kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya mabishano marefu.

Nyaya mpya za nuru zilifika pwani mwaka 2009, TEAMS ikitoka Fujairah hadi Mombasa na Seacom ikipitia Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Safari hii mashirika na serikali za Kiafrika zilikuwa na hisa katika baadhi yake, na bei zikashuka. Tarehe 12 Mei 2024 Seacom na EASSy zilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa benki, ofisi na simu za Tanzania na nchi jirani zikawa za kusuasua.

Kazi ya KIXP imezaa matunda. Utafiti wa Internet Society wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba asilimia 70 ya mtiririko wa intaneti wa Kenya ilikuwa ikihudumiwa ndani ya nchi, kutoka asilimia 30 mwaka 2012. Lakini sehemu kubwa ya mtiririko huo inatoka katika maghala ya data ambayo Google, Meta na Netflix wameyaweka Nairobi na Mombasa. Oktoba 2021, nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kwamba asilimia 87 ya juhudi za kampuni hiyo za kubaini habari za uongo zilielekezwa Marekani, yenye sehemu ndogo ya watumiaji wake. Asilimia 13 iliyobaki iligawanywa kwa dunia yote nyingine, pamoja na kila anayesoma na kuandika Kiswahili humo.